Sahihi ya Dokta Zablon

Sehemu ya Tisa

Wiki jana nilikuacha umesimama nami makaburini Mkolabula, jeneza la Shukrani limeshafika ukingoni, na Bi Mwanne amelinyakua koti langu jeupe kwenye usukani wa pikipiki na kulivaa. Akatangaza kwamba maiti haizikwi mpaka dokta aiandikie dawa. Ulitaka kujua kama nilikimbia. Sikukimbia.

Wewe unayeanza kusoma leo, sogea nikudokeze, halafu twende. Mimi ni Zablon, tabibu wa kituo cha afya cha Mkolabula, huku ndani kabisa ya Sikonge ambako lami ni habari ya kusikia. Udaktari kamili sina, ila huku kila avaaye koti jeupe ni dokta. Shukrani alikuwa mkulima wa tumbaku, miaka ishirini na sita. Alishikwa na kifafa Jumatano mbele ya tanuri la bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, na hakuamka tena. Tumboni alikuwa na tramado, tena nyingi, vile vidonge vya maumivu makali ambavyo huku wamevibatiza jina la mkanda, kwa kuwa vinakaza kiuno mtu akainama shambani kutwa nzima.

Vidonge vile vilitoka kituoni kwangu, kwa sahihi yangu. Sasa turudi makaburini.

Bi Mwanne ni Mzaramo, ana mgahawa wa chai na maandazi pale basi linapogeuzia. Na Mzaramo ni mtani wa Mnyamwezi tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kupita kwao. Mtani msibani haguswi. Atalala kaburini akitaka, atamwiga marehemu alivyokuwa akitembea, atakutukana na utacheka. Ukinuna, wewe ndiye mwenye makosa.

Basi akaketi juu ya kifusi, bua la tumbaku likawa kalamu yake, goti likawa meza.

"Foleni, foleni," akasema kwa sauti yangu, nakuapia ilikuwa sauti yangu. "Jina nani? Mgongo? Sahihi. Wewe? Kiuno? Sahihi. Na wewe umekufa lini? Jumatano? Haidhuru, sahihi."

Watu wakaanguka kicheko. Waliobeba jeneza walilazimika kuliweka chini. Bi Mwanne hakuwapa nafasi ya kupumua. Akawauliza Wanyamwezi wametokewa na nini. Babu zao walibeba pembe za ndovu miezi mitatu kwa miguu mpaka kwao Uzaramo, hawakumeza kitu. Leo kutoa jani shambani na kulipeleka banini, hatua mia mbili, mpaka wafungwe mkanda?

Nikacheka na mimi. Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wote, ili nisionekane.

Akanipa lile bua niweke sahihi mchangani, ndipo aruhusu maziko. Nikainama, nikachora zedi yangu na mkia wake. Akaifuta kwa mguu, akainuka, watu wakashusha jeneza. Aliponirudishia koti alinisogelea sikioni, na safari hii hakuwa mtani.

"Kuna gari la wakaguzi limefika kituoni kwako," aliniambia. "Wanataka kumchukua Sista. Yule binti wa watu kakosa nini, Dokta?"

Sista ni Benedikta, muuguzi wangu. Si mtawa, huku wauguzi wote tunawaita masista. Miaka minne tumefanya kazi pamoja, yeye kwenye dirisha la dawa, mimi kwenye chumba cha daktari, na katika miaka hiyo minne sikuwahi kumsikia akisema uongo hata wa kumfurahisha mgonjwa.

Nikapiga kiki pikipiki, nikaondoka makaburini udongo bado unamwagwa. Watu waliona. Waseme watakavyo.

Mkaguzi aliitwa Levina, mama mfupi mwenye miwani, katoka Tabora mjini alfajiri kwa barabara ya vumbi. Hakuwa mkali. Laiti angekuwa mkali, ningepata wa kumchukia. Alikuwa ameketi mbele ya kitabu cha stoo, amekifungua ukurasa wa Januari, na Benedikta kasimama mbele yake mikono nyuma.

Kosa lilikuwa wazi kama jua la Igunga. Tangu uchumaji wa tumbaku uanze, makopo kumi na tisa ya tramado yametoka stoo, yote kwa mkono wa Benedikta, na hakuna hata cheti kimoja cha daktari kinachosema nani kapewa na kwa ugonjwa gani. Dawa ya namna ile haitoki bila cheti. Ikitoka bila cheti, aliyeitoa kaiuza. Ndivyo sheria inavyosoma.

Benedikta akajieleza kwa upole kwamba vyeti havikuwepo kwa sababu tulitumia orodha, na orodha zote anaziweka kwenye faili la kijani. Tatizo ni kwamba faili la kijani lilikuwa limelala pale mezani, tupu.

Niliposikia neno orodha, nilitamani ardhi ipasuke. Hebu nikueleze, msomaji, kwa maana uchafu wote umeanzia hapo.

Miaka mitatu iliyopita niliandika mimi mwenyewe ombi la kituo chetu kuruhusiwa kuweka dawa kali za maumivu. Niliandika habari za Bi Recheli, mwenye saratani ya titi, aliyekuwa akilia mchana kutwa na sisi tukimpa panadoli. Kila neno lilikuwa kweli. Ombi likapita. Bi Recheli akapata mofini, akapata usingizi, akapata hata nguvu ya kugombana na wakwe zake. Nilijiona mtume.

Kisha wakaja wakulima, mgongo, kiuno, mabega. Nikawapa tramado siku tatu, tano, saba. Wakati wa tumbaku huwezi kumwambia mtu aache bani linawaka, aendeshe baiskeli, wengine kilomita thelathini, aje kupimwa mgongo. Akiondoka moto unazimika, jani linaoza, jasho la mwaka linakwenda na maji. Na huku kwetu mmoja akienda dukani huwachukulia majirani wote chumvi. Nikasema, basi na dawa iwe hivyo hivyo. Balozi wa nyumba kumi aandike majina ya wenye maumivu, mmoja alete orodha kwa baiskeli, mimi nitie sahihi moja chini, Sista ahesabu vidonge vya kitongoji kizima.

Sahihi moja, watu arobaini. Sikuwaona, sikuwagusa. Mwaka wa kwanza orodha ilikuwa na majina saba. Mwaka huu yalikuwa arobaini na moja, na mimi nilikuwa nikitia sahihi huku nakunywa chai.

Benedikta aliniuliza mara mbili. Nakumbuka zote mbili. Mara ya pili alisema, "Dokta, hawa hawaponi, wanaongezeka." Nikamjibu kwamba yeye ahesabu vidonge, kutibu aniachie mimi.

Sasa akanigeukia mbele ya Mkaguzi, na macho yake yalikuwa na matumaini yote ya dunia.

"Dokta, zilikuwa humu. Nisaidie kutafuta."

Ukweli ninakwambia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote, maana pale chumbani sikuusema. Orodha zile nilizichoma. Alhamisi asubuhi, Shukrani akiwa hata sanda hajavishwa, niliingia kituoni kabla ya wenzangu, nikalikung'uta faili la kijani kwenye shimo tunalochomea sindano, nikakoroga kwa mti mpaka pakabaki jivu. Nilikuwa naogopa. Sina sababu nyingine ya heshima ya kukupa. Na siku hiyo hiyo nikaamuru tramado isitolewe tena kwa yeyote, nikajifanya mwema.

Basi nikamsaidia kutafuta.

Nilitafuta hasa. Nilipanda kiti nikapapasa juu ya kabati, nikashusha maboksi ya glavu, nikafunua kadi za chanjo moja moja. Niliinama chini ya kitanda cha kuzalishia. Benedikta alikuwa upande wa pili anatafuta, na kila nilipofungua droo aliinua kichwa kuangalia. Tulipofika droo ya mwisho akakaa sakafuni.

"Asante, Dokta," akaniambia. "Wewe una moyo."

Wapo watu wamepigwa rungu wakaumia kidogo kuliko nilivyoumia mimi.

Unaniuliza kwa nini sikusema palepale. Nilikuwa na kisingizio, tena kizuri. Nikiondoka mimi, nani atamwandikia Bi Recheli mofini yake? Kituo kitafungiwa dawa, mama wa watu atarudi kulia. Nilikishika kisingizio hicho kwa mikono miwili. Ubaya wake ni kwamba nusu yake ilikuwa kweli.

Levina akafunga kitabu. Akasema gari litaondoka saa nane kamili, na Benedikta ataondoka nalo, akatoe maelezo Tabora kwa watu wenye pingu. Hakusema kwa kiburi. Alisema anasikitika, na kwamba kama karatasi hata moja ingepatikana, mambo yangekuwa mengine.

Benedikta hakulia. Akavua aproni, akaikunja. Akanikabidhi kazi kama mtu anayekwenda likizo: friji ya chanjo mlango wake haushiki vizuri, usukumwe na goti, mtoto wa mama Ulyankulu arudi Jumatatu kufungwa kidonda, Bi Recheli apewe mofini mililita tano asubuhi, tano jioni, na aongezewe dawa ya kulainisha choo, asisahauliwe, maana yeye huona haya kuomba. Kisha akapanda gari, akakaa kiti cha nyuma, begi mapajani.

Saa nane kasoro dakika tano. Dereva akawasha.

Nikajikuta nimeshika mlango wa mbele.

"Mkaguzi," nikasema, "orodha nilizichoma mimi. Zilikuwa na sahihi yangu. Huyu hana kosa."

Nilitegemea ngurumo. Levina akavua miwani, akaifuta kwa kitenge chake, akaivaa tena. Akanieleza kwa uchovu kwamba mwaka huu pekee ameyasikia hayo vituo viwili. Daktari anajitwisha ili muuguzi apone, au muuguzi anajitwisha ili daktari apone, na wakifika mjini kila mtu anakana.

"Mimi nabeba karatasi, Dokta," akamalizia. "Maneno sibebi. Unayo karatasi?"

Unaona nilivyojimaliza? Nilipokuwa mwongo niliaminiwa na wote, na ushahidi wa ukweli wangu niliuchoma kwa kiberiti changu.

Dirisha la nyuma likashuka. Benedikta alikuwa ananitazama, na tumaini lile halikuwepo tena.

"Kwa hiyo pale juu ya kabati," akauliza taratibu, "ulikuwa unatafuta nini?"

Nikauachia mlango wa gari.

Lakini karatasi ilikuwepo moja. Nilijua tangu asubuhi ipo, na tangu asubuhi nilikuwa naikwepa kuifikiria. Kila balozi aliyeandika orodha alibakiza nakala kwenye daftari lake, na mimi nilitia sahihi kote kuwili, ili mwendesha baiskeli asipunguze vidonge njiani. Daftari la Mkolabula analo balozi Xavery. Na balozi Xavery ndiye baba yake Shukrani.

Nikamwambia Levina. Akaangalia saa yake, akamwangalia Benedikta, akamwambia dereva ageuze gari.

Tulifika msibani watu wametoka kuzika, wanaume kwenye magogo karibu na bani, wanawake kwenye mikeka barazani. Nilishuka nikaona kitu ambacho makaburini hofu haikuniruhusu kukiona. Watu wazima walikuwa wanapiga miayo mfululizo. Makamasi yanawachuruzika, jasho linawatoka kivulini, wanajikuna mikono, hawatulii. Mwanaume mmoja alikuwa anajikunyata kama mwenye homa. Nimesomea haya, msomaji. Ile haikuwa huzuni ya msiba. Ilikuwa siku ya tatu bila mkanda.

Nikapiga goti mbele ya mzee Xavery. "Shikamoo, balozi."

"Marahaba, Dokta." Aliitikia bila kuniangalia.

Nikamweleza kwa kunong'ona. Kwamba Sista anapelekwa mjini kwa kosa langu. Kwamba kinachoweza kumwokoa ni daftari lake. Kwamba nikilionyesha, watu wote watajua jina la mwanawe liliandikwa kwa mkono wa nani. Nilimwambia ana haki ya kukataa na kunitemea mate.

Kisha akainuka, akaingia ndani, akarudi na daftari la shule limefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Hakunipa. Alilishika kifuani.

"Alikuwa anasinzia banini," akasema, na sasa alisema wote wasikie. "Moto ulikuwa unazimika, jani linaharibika. Nikamwambia nitakuandika. Yeye hakutaka. Nikamwandika."

Mke wa mzee akajifunika kanga usoni. Mzee akaninyooshea daftari.

"Chukua. Ila utalisoma hapa, kwa sauti. Wewe ulitia sahihi bila kutuona. Leo utuone."

Nikasimama. Levina alikuwa pembeni yangu, kalamu mkononi. Nikafungua ukurasa wa Machi, nikasoma jina la kwanza.

"Nipo," mzee mmoja akajibu, akainua mkono unaotetemeka.

Nikasoma la pili. Nipo. La tatu, mama mwenye meno machache, mkulima wa karanga ambaye hajawahi kulima tumbaku maishani mwake. Nipo. La nne alikuwa mwalimu wa kwaya. La tano, la sita. Kila jina lilikuwa na uso, na kila uso ulikuwa na makamasi na miayo na macho yanayonitazama bila hasira. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Hawakuwa na hasira. Walikuwa wananitazama kama wagonjwa wanavyomtazama tabibu, wanangoja nimalize kusoma niwape.

Jina la kumi na mbili lilipoitikiwa, Levina akanizuia. Akaitazama sahihi yangu chini ya ukurasa, zedi na mkia wake, akafunua ukurasa wa Februari akaiona tena, wa Januari akaiona tena. Akaenda mwenyewe mpaka garini, akafungua mlango wa nyuma.

"Shuka, binti," nikamsikia anamwambia Benedikta. "Karatasi imepatikana."

Benedikta akashuka, begi mkononi. Hakuja upande wangu. Akaenda kukaa na wanawake, na Bi Mwanne akamsogezea nafasi kwenye mkeka.

Nikashusha pumzi. Nilijua linalonisubiri, na nilikuwa tayari kupanda gari lile badala yake. Nikaanza kulifunga daftari.

"Hujamaliza, Dokta," akasema mzee Xavery.

Nikafungua tena. Nikaendelea mpaka jina la ishirini na saba, na hapo nikaona kwa nini hakutaka niishie njiani.

"Shukrani Xavery."

Hakuna aliyejibu. Hata Bi Mwanne, ambaye mila inampa ruhusa ya kumjibia marehemu na kuwachekesha watu, hakutia neno. Nikangoja. Sijui kwa nini nilingoja.

Nikasoma jina lililofuata kwa haraka, ili nikimbie ule ukimya, na mdomo ulilitamka kabla akili haijalielewa.

"Flavia wa Shukrani."

"Nipo."

Sauti ilitoka barazani, kwa mjane mwenyewe. Flavia akajiinua kwenye mkeka kwa kushikwa mikono, na kanga ikadondoka, na kila mtu akaona tumbo la miezi minane. Tumbo ambalo nililipima mimi kliniki mwezi uliopita, nikaandika kwenye kadi kwamba hana tatizo. Wiki hiyo hiyo, chai mkononi, nikatia sahihi chini ya jina lake.

Jasho lilikuwa linamtiririka. Alikuwa anapiga miayo, meno yanagongana.

"Dokta, tangu Alhamisi sijapata," akasema. "Na mtoto tangu jana anapigapiga, hatulii kabisa."

Benedikta alikuwa ameshafika kwake kabla sijasogea. Aliweka mkono juu ya tumbo, akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu garini akanitazama. Wote wawili tulijua. Mama aliyezoea kidonge kile akikatishwa ghafla, mtoto anaweza kufa tumboni. Akipewa, ni kile kile kilichomzika baba yake saa mbili zilizopita. Na aliyekata ghafla, Alhamisi, akijifanya mwema, ni mimi.

Levina naye alikuwa ameelewa. Akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, lakini katika ukimya ule kila mtu alisikia.

"Stoo nimeifunga mimi, naweza kuifungua. Apewe au asipewe? Sema wewe, Dokta, kwa sababu tabibu hapa ni wewe peke yako, na cheti kitakuwa na jina moja tu."

Akaninyooshea kalamu yake.

Wale arobaini walikuwa wamesimama wote, wanaangalia mkono wangu. Nikafungua mdomo kujibu, na Flavia akashika nguzo ya baraza kwa mikono miwili, na maji ya uzazi yakaanza kumwagika mkekani.